Ngoma Iliyopigwa Vanishi

Ngoma isiyovuma ndiyo hupasuka. Wahenga waliosema kwamba ikivuma sana hupasuka walikuwa na haki ya kukosea kama watu wengine, na huenda hawakuwa na mawifi. Sindano alikuwa naye mmoja, na huyo mmoja alimtosha.

Sindano hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mama mkwe wake kwa sababu mbili: alikuwa anashona viatu, na alikuwa na ulimi. "Huyu mkwe wangu," bibi yule alikuwa akiwaambia majirani, "akinyamaza anashona, akisema anachoma." Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za jengo walimokaa, chumba chembamba chenye harufu ya gundi, viatu vya watu vimening'inizwa ukutani kwa kamba, kila pea ikisubiri mwenyewe kwa uvumilivu ambao wenye miguu hawana.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, aliitwa Kioo. Huyu alikuwa fundi wa vanishi katika karakana ya samani mtaa wa pili. Meza ikitoka mikononi mwake ungeweza kuchania nywele juu yake. Alitumia mkono wa shoto, na alipokuwa akivuta brashi juu ya mbao, wenzake wanaotumia wa kulia walisimamisha kazi kumtazama, kama watu wanaomtazama mtu akisoma kitabu kilichopinduliwa na asikosee neno.

Sasa, lugha yetu hii ina kitenzi kimoja kinachofanya kazi kama punda. Tunapiga ngoma, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga domo. Mafundi samani wanapiga msasa, wakimaliza wanapiga vanishi. Kitenzi hakilalamiki. Lakini hata punda huchoka, na siku kilipoangusha mzigo, mzigo uliangukia ngoma ya mama mkwe.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya gogo moja lililochimbwa ndani, kimo chake kiunoni kwa mtu mzima, yenye uso mmoja wa ngozi ya mbuzi uliobanwa kwa vigingi pande zote. Haikuwa ngoma ya sherehe. Mama mkwe hakuipeleka harusini wala hakuikodisha. Ilikuwa ngoma ya nyumbani, na kazi yake ilikuwa kuita watu. Kila aliyekuwa wa familia ile alikuwa na mdundo wake, na kila mdundo ulikuwa na maneno yake, ambayo hayakutamkwa kwa mdomo kwa sababu ngoma iliyatamka vizuri zaidi. Watoto wakiwa uwanjani, mama aliisogeza ngoma dirishani, akapiga, na katika kundi zima la wacheza mpira mtoto mmoja tu aligeuza kichwa na kukimbilia nyumbani. Wengine waliendelea kucheza. Hawakuitwa wao.

Mdundo wa mume wa Sindano, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, ulisema: *acha hilo, njoo, acha hilo, njoo*. Spana aliota mvi akiwa bado anauitikia, mikono imejaa grisi. Mdundo wa Kioo, kitinda mimba, ulisema: *wa mwisho si wa nyuma*.

Na Sindano naye alikuwa na wake. Siku alipoingia katika nyumba ile akiwa mke, alikaa pembeni mwa kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Watu walikuwa wengi, vicheko vilikuwa vya kwao, na kila aliyemkaribia alimwita mgeni: mgeni kula, mgeni kunywa, mgeni usione haya. Mama mkwe akainuka, akaikumbatia ngoma kwa magoti, akapiga kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Spana akamwinamia mkewe sikioni.

"Ni wako huo."

"Unasemaje?"

"Unasema, *mgeni ni jana*."

Tangu siku ile hakuna aliyemwita mgeni tena. Kwa hiyo usimshangae Sindano kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa gogo lile. Wengine huingia katika ukoo kwa kuzaliwa. Yeye aliingizwa kwa ngoma.

Mama mkwe alimfundisha kuipiga. Alimfundisha kuipasha moto ngozi ikilegea, kuisikiliza kabla ya kuipiga, kuanza kwa pigo zito la kulia kisha lile jepesi la kushoto. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Kioo, zamani, akiwa mdogo, naye alishindwa. Kila mdundo aliuanzia mwisho. Palipotaka uzito aliweka wepesi, palipotaka wepesi akaweka uzito, maana mkono wake wenye nguvu ulikuwa ule mwingine. Siku moja mama yake aliishiwa na subira, akamfunga mkono wa kushoto kwa leso ili wa kulia ujifunze. Mtoto alilia mpaka akapata homa. Mama alifungua leso na hakuifunga tena, wala hakumwita tena kwenye ngoma, wala hakulizungumza jambo lile. Kioo alikwenda zake kwenye brashi. Brashi haina kulia wala kushoto.

Mama mkwe alipofariki, ngoma ilipanda kwa Kioo, aliyekaa ghorofa ya tatu. Sindano na Spana walikaa ya kwanza. Hakuna aliyegombana. Kioo alisema tu kwamba mama ameagiza hivyo, na agizo la marehemu halina rufaa. Sindano aliuma mdomo. Moyoni alijiuliza ngoma inafanya nini mikononi mwa mtu asiyejua kuipiga, lakini msiba si mahali pa kuuliza maswali ya aina hiyo.

Jibu alilipata alipopanda siku moja kuazima birika.

Ngoma ilikuwa imesimama kati ya makochi, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Na ilikuwa inang'aa. Ilimeremeta kama kiatu cha mwanajeshi. Sindano aliondoa maua, akaondoa kitambaa, akapiga kidogo kwa ncha za vidole. Ikatoa sauti ya mlango unaobishwa hodi na mtu asiyependwa.

"Wifi," alisema taratibu, "umeifanya nini?"

"Nimeipiga vanishi." Kioo alitoka jikoni akijipangusa mikono, uso umejaa furaha. "Mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Ile ya bei, si ya kupaka milango."

"Gogo?"

"Gogo na ngozi. Hasa ngozi. Hebu njoo uone."

Akamshika mkono, akamwonyesha. Karibu na ukingo, chini ya mng'ao ule, palikuwa na alama nyeusi ya kiganja cha kulia, vidole na gumba lililochomoza pembeni. Jasho na mafuta ya mkono mmoja, yaliyoingia ngozini mwaka baada ya mwaka. Sindano alikuwa ameiona alama ile mara nyingi bila kuitazama. Chini ya vanishi ilionekana kama mtu aliyelala chini ya maji.

"Ilianza kufifia," Kioo alisema. "Sasa haitafifia mpaka mimi nimkute mama huko aliko."

"Lakini haisemi."

"Picha ya mama pale ukutani nayo haisemi. Umewahi kuidai kitu?"

"Picha haikutengenezwa iseme, wifi. Ngozi ya ngoma ikiacha kupigwa inakauka, ikikauka inapasuka. Na ukiifunga pumzi kwa vanishi, hata kabla ya kupasuka imeshakufa."

"Mama aliniambia niipige, nimeipiga," Kioo alisema, na furaha ikamtoka usoni. "Birika liko juu ya kabati."

Ikawa hivyo. Walisalimiana ngazini kwa sauti za watu wanaobeba mayai. Spana alikuwa refa asiye na filimbi: juu kwa dada yake alikunywa chai na kukubali kwamba ngoma inapendeza, chini kwa mkewe alikula chakula na kukubali kwamba ngoma imenyongwa. "Kati ya mke na dada," aliwaambia wateja wake, "mwanamume mwenye akili anajaza upepo matairi."

Mambo yangekaa hivyo mpaka kiama kama asingezaliwa mtoto.

Binti wa Kioo, aliyeolewa upande wa pili wa mji, alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa mjukuu wa kwanza wa Kioo na kitukuu wa kwanza wa marehemu. Kioo alifunga mzigo akaenda kumwogesha mtoto na kumlisha mzazi, na kwa kuwa ugomvi ni ugomvi lakini paka naye ana tumbo, alimwachia Sindano ufunguo amlishe.

Siku chache baadaye simu ililia dukani. Alikuwa binti.

"Mama Sindano, tunakuja Jumamosi na mtoto. Mama anataka alale kwake kidogo."

"Mje. Mjomba wako ameshaanza kutembea kama babu."

Binti alicheka, kisha akapunguza sauti. "Nilitaka kukuuliza kitu, mama asisikie. Mdundo wa mwanangu nani atampa? Mimi nilipewa na bibi. Ukinipigia hata leo, hata nikiwa usingizini, nitaamka nije. Huyu ataitwa kwa nini? Kwa meseji?"

Sindano alitazama kiatu alichokuwa ameshika.

"Atapewa," alisema.

"Na nani? Kwenye ngoma ipi? Ile ina maua juu."

"Nimesema atapewa. Kamnyonyeshe mtoto."

Alipokata simu ndipo alipojua ameahidi nini. Ahadi ni kama kiatu cha kuazima: ukikivaa ndipo unajua kinapobana.

Alianza kwa upole. Alipanda na kopo la thina ya kuyeyushia rangi na kipande cha pamba, akafungua mlango, paka akajipitisha miguuni mwake. Kama vanishi ilipakwa, vanishi ingeweza kutolewa. Alisugua kidogo ukingoni, mbali na kiganja. Mng'ao ukatoka, naam. Lakini chini yake ngozi ilitoka rangi, na weusi wa zamani ukaja kwenye pamba kama wanja wa mtu aliyelia. Alisugua mahali pengine, karibu zaidi. Ncha ya kidole kimoja cha mama mkwe ikafifia mbele ya macho yake.

Sindano akaacha. Alikaa sakafuni, ngoma katikati ya magoti, pamba mkononi, na jambo likawa wazi kwa namna ambayo angependa lisiwe wazi. Kiganja na sauti havingeweza kuishi pamoja tena. Akitaka mkono wa mama mkwe ubaki, ngoma itabaki meza ya maua, na mtoto anayekuja Jumamosi atakua katika familia hii kama mgeni, mgeni kula, mgeni kunywa. Akitaka sauti, ngozi lazima itoke, na kiganja nacho. Na ngozi haikuwa yake. Alikuwa na ufunguo wa kulishia paka.

Spana alipopanda kumtafuta alimkuta palepale.

"Niteremshie hii ngoma dukani," alisema.

"Kioo anajua?"

"Atajua."

Spana alimtazama mkewe, akatazama ngoma, akatazama dari kama mtu anayetafuta mlango mwingine. Kisha akaibeba ngoma begani. "Mimi nimebeba tu," alisema wakishuka ngazi. "Waambie watu hivyo kwenye matanga yetu."

Vigingi vilitoka kimoja kimoja, kwa shida. Ngozi iliponyanyuka haikulegea kama ngozi. Ilitoka ngumu, mviringo, kama kifuniko cha sufuria. Sindano hakuwa na ubavu wa kuitazama. Aliizungushia kitambaa safi, akaiweka rafu ya juu, mahali alipoweka viatu vya wateja aliowaheshimu. Halafu akainama akachungulia ndani ya gogo, kwa sababu kila mtu angechungulia. Hamkuwa na kitu, hata buibui. Akaelewa kwamba ndivyo inavyotakiwa, maana sauti nayo inataka mahali pa kukaa.

Kisha akafanya kosa ambalo mshona viatu peke yake angeweza kulifanya. Alichukua ngozi nzuri kuliko zote dukani, ya ng'ombe, laini, iliyokwisha kutengenezwa kwa dawa kiwandani, ile aliyoiweka kwa viatu vya maarusi. Aliikata kwa kipimo, akaiwamba, akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akabana vigingi. Ilipendeza macho. Akaipiga.

Ilikuwa sauti ya kofi juu ya godoro.

Spana, aliyekuwa amekaa mlangoni akiziba pancha, hakuinua kichwa. "Umeivalisha kiatu," alisema.

"Nyamaza."

"Debe tupu angalau linatika. Hii umeivalisha kiatu na soksi."

Sindano alicheka mpaka akaegemea ukuta, na katika kucheka akaona kwamba yeye na Kioo wamefanya kosa lilelile. Kila mmoja aliipenda ngoma akaipa kilicho bora katika duka lake. Hakuna aliyeiuliza inataka nini.

Alikwenda kwa muuza nyama, akarudi na ngozi mbichi ya mbuzi ndani ya ndoo. Aliiloweka, akaikwangua manyoya kwa kisu cha soli, akaosha, akaiwamba ingali na maji, akaiacha kivulini ikauke polepole na kujivuta yenyewe. Duka lilinuka. Wateja waliongea wakiwa wamesimama nje. Paka wa Kioo, kwa upande wake, hakutaka tena kulala kwingine. Kila asubuhi Sindano aliigusa ngozi kwa kifundo cha kidole na kuitegea sikio, na kila asubuhi ilijibu kidogo zaidi, kama mtoto anayejifunza kusema. Lakini hakuipiga. Alijizuia, na hakujua kwa nini anajizuia.

Jumamosi walifika kabla ya wakati. Alisikia hatua za Kioo zikipanda ngazi juu ya kichwa chake, kimya kidogo, kisha hatua zilezile zikishuka kwa kasi nyingine. Kioo akasimama mlangoni mwa duka, bado na mkoba begani. Nyuma yake alikuwa binti, mtoto mikononi, na Spana, ambaye ghafla alikuwa na haja kubwa ya kukagua gurudumu lililokuwa halina tatizo.

"Nilikuachia ufunguo ulishe paka," Kioo alisema.

"Paka amekula."

"Ngoma iko wapi?"

Sindano alisogea pembeni. Ngoma ilikuwa nyuma yake, ngozi mpya nyeupe, vigingi vimenyooka. Kioo aliitazama. Alisogea, akainama, akaitafuta alama pale ilipokuwa, akipapasa kwa vidole kama mtu aliyeangusha hereni.

"Na mama?" aliuliza.

Sindano alishusha kile kilichofungwa kitambaa, akampa kwa mikono miwili.

Kioo alikipokea bila kukifungua. "Umemchuna mama yangu," alisema.

Hakulia wala hakupaza sauti, na hapo ndipo Sindano alipoogopa. Kioo mwenye kelele alikuwa amemzoea.

"Wifi, nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka yote. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tangu mama yuko hai uliitaka. Alikufundisha wewe, ukaijua wewe, ukazungumza naye kwa ngoma kana kwamba wewe ndiye uliyezaliwa naye. Nikasema sawa, mimi nina brashi yangu. Lakini mwisho, wifi, mwisho aliniachia mimi. Nimemshika mkono, sauti yake haifiki hata kwenye mto, akaniambia: ngoma yangu uipige wewe, kwa mkono wako huohuo. Basi nikaipiga. Nilichukua ruhusa kazini. Nilipiga msasa gogo zima kwa mkono, bila mashine, nikapiga vanishi mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Na wewe umekuja na kisu."

Sindano alikuwa na jibu tayari, la kuchoma, limenolewa wiki nzima. Akaliweka kando.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Alivyosema. Maneno yake yenyewe."

"Ngoma yangu uipige wewe, kwa mkono wako huohuo."

"Alitaja vanishi?"

"Kupiga ni kupiga. Mkono wangu unajua kupiga nini kingine?"

Nje, Spana aliacha gurudumu. "Huohuo," alisema polepole, kama mtu anayeonja. "Kioo. Mkono upi alioufunga leso?"

Kioo aliutazama mkono wake wa kushoto, wenye madoa ya vanishi ambayo hayatoki tena, kama mkono wa mtu aliyemkuta njiani. Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kigoda cha wateja, pale watu wanapokaa na mguu mmoja peku. Kifurushi kilikuwa mapajani.

"Alitaka niipige," alisema. "Kuipiga hasa."

"Ndiyo," Sindano alisema. Na kwa kuwa lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilimuuma, alilisema lote: "Alikuachia wewe uipige wewe. Si mimi. Mimi nilidhani amekuachia uitunze tu mpaka zamu yangu ifike."

"Nami nimemfunika mdomo kwa mikono mitatu."

"Ile ya bei," Spana alisema.

"Kaka, nyamaza."

"Nimenyamaza."

Kioo alifungua kitambaa. Ngozi ile ngumu ilikuwa imelala kifudifudi, upande wa ndani juu. Upande huo vanishi haikuwahi kufika. Ulikuwa mkavu, wa kawaida, wenye vumbi la miaka mingi. Na katika ukavu ule palikuwa na kiganja. Mafuta yalikuwa yamepenya mpaka upande wa pili, hafifu kidogo, lakini kamili, vidole vyote na gumba. Tena kwa upande wa ndani, kama alama zote zinazotazamwa kwa nyuma, kilikuwa kimegeuka. Gumba lilichomoza upande mwingine. Kiganja cha kulia cha mama kilikuwa kimekuwa cha kushoto.

Kioo aliweka mkono wake juu yake. Uliingia kama mguu katika kiatu chake.

Binti alimhamisha mtoto bega. Sindano alichukua soli isiyokuwa na kazi akaanza kuifuta, kwa sababu kuna wakati mtu anahitaji kushika kitu.

Baada ya muda Kioo alinyanyuka, akampa kaka yake ile ngozi aishike. Akaisogelea ngoma, akaikumbatia kwa magoti kama alivyokuwa akifanya mama yake.

"Mdundo wa mtoto," alisema, "unaanzaje?"

"Unaanza unavyotaka," Sindano alisema. "Ni wako kuutoa."

Pigo la kwanza lilikuwa la woga. La pili lilikosea. Spana alifungua mdomo, "Umeanzia mwish—" na Sindano akamrushia soli. Kioo alifuta mkono kwenye gauni, akainua ule wa kushoto, akaushusha.

Duka lote lilijibu. Viatu vya watu vilitikisika kwenye kamba. Ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia tangu msiba, na bado haikuwa ileile, maana uzito ulikuja pale ambapo masikio yao yalitegemea wepesi, na wepesi ukaja mwishoni kama mtu anayegeuka mlangoni kutabasamu. Kila mdundo wa mama ulikuwa umeanzia kulia. Huu ulianzia upande wa pili, ukapotea, ukajirudia, ukajishika. Polepole maneno yakaanza kusikika chini yake, na wote waliyasikia bila kuambiwa: *hujachelewa, hujachelewa*.

Mtoto alipiga chafya. Familia iliihesabu kuwa ameitika.

Jirani wa juu alichungulia kutoka ngazini akauliza kuna nini. Spana, ambaye machozi yalikuwa yakimteremka na hakuwa na mkono wa kuyafutia, alimwambia kwamba wanajaribu kiatu.

Kioo alipomaliza aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa ngoma akahema. Kisha, bila kuinua kichwa, alianza tena, taratibu, mdundo mwingine, wa zamani, umegeuzwa shotoshoto mpaka Sindano nusura asiutambue. Aliutambua kwa miguu. Tayari alikuwa amepiga hatua mbili kuelekea kwenye ngoma kabla hajajua anaitwa. *Mgeni ni jana.*

Wakawa uso kwa uso, ngoma katikati.

"Jumapili ijayo utanifundisha kuipasha moto," Kioo alisema.

"Nitakufundisha."

"Bila kunifunga mkono."

"Nitakufunga mdomo tu."

Kioo alicheka, akafuta pua. Halafu akakaza uso, maana wifi ni wifi hata baada ya muujiza. "Lakini uliingia kwangu kwa ufunguo wa paka, ukabeba kilicho changu, ukakikata bila ruhusa. Hilo halijafutika. Niombe radhi, yaishe."

Sindano aliivuta ngozi mpya kwa gumba, akaisikiliza, akakaza kigingi kimoja kilichokuwa kimelegea.

"Siombi," alisema.

"Hata kidogo tu, mbele ya mtoto?"

"Mbele ya mtoto ndiyo kabisa. Nimeikata mimi, kwa kisu changu, na ukiipiga tena vanishi nitaikata tena. Siombi radhi, wifi. Piga ngoma."